Bryan Foy: kutoka jukwaa la vodevili hadi filamu za pesa kidogo

Katika mwaka wa 1928 yalitokea mambo mawili, moja mbali sana na lingine. Kule Leningrad, Vladimir Propp alichapisha kitabu chake juu ya umbo la ngano, kitabu ambacho kila mwanafunzi wa fasihi simulizi hukutana nacho siku moja. Kule New York, tarehe 6 ya mwezi wa saba, watu walikaa kutazama Lights of New York, filamu ndefu ya kwanza ambayo wachezaji wake walizungumza kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho. Mwongozaji wake aliitwa Bryan Foy.

Propp alichambua ngano mia moja za Kirusi, akaonyesha kwamba majina na sura za wahusika hubadilika, lakini matendo yao katika hadithi hubaki yale yale. Foy hakuwa mtaalamu wa lugha. Alikuwa mtoto wa mchekeshaji, na alitumia karibu miaka arobaini akitengeneza filamu, nyingi zikiwa za haraka na za pesa kidogo, kwa kuzivalisha hadithi zile zile nguo mpya. Makala hii inaeleza kazi yake: alitoka wapi, alijifunza nini jukwaani, na ujuzi huo ulimfaa namna gani alipoingia katika sinema. Inatuhusu sisi watu wa lugha kwa sababu inagusa maswali mawili ya kazi yetu: usemi hubadilika namna gani unapohama kutoka chombo kimoja kwenda kingine, na kurudia hadithi kuna thamani gani.

Vodevili ilikuwa nini?

Vodevili ilikuwa aina ya maonyesho iliyotawala miji ya Marekani tangu miaka ya 1880 hadi miaka ya 1920. Kwa tikiti moja mtu aliona vipande vinane au tisa vilivyofuatana: mwimbaji, wacheza sarakasi, mbwa waliofundishwa, mchezo mfupi wa kuigiza, wachekeshaji wawili wanaojibizana. Kila kipande kilikuwa na dakika zake, kwa kawaida kumi hadi ishirini, na hakikuwa na uhusiano wowote na kile kilichotangulia.

Kwa mchezaji, mpango huo ulikuwa na sheria ngumu. Kwanza, muda. Kama watu hawajacheka katika dakika mbili za mwanzo, umewapoteza. Pili, safari. Kumbi zilikuwa mikononi mwa makampuni makubwa kama Keith-Albee na Orpheum, na mchezaji aliajiriwa kuzunguka nazo mji hadi mji. Kwa sababu kila juma alikuwa na watazamaji wapya, kipande kimoja kizuri kiliweza kumlisha kwa miaka. Alichobadili ni vitu vidogo: jina la mtaa, jina la meya, neno linalochekesha mji huu na lisiloeleweka mji ule.

Katika vodevili lugha yenyewe ilikuwa bidhaa. Watazamaji wengi walikuwa wahamiaji au watoto wa wahamiaji, na vichekesho vingi vilijengwa juu ya lafudhi: Mwairishi wa jukwaani, Mjerumani wa jukwaani, Myahudi wa jukwaani, na pia Mzungu aliyejipaka masizi usoni akiiga usemi wa watu weusi. Leo tunaona wazi dharau iliyokuwa ndani ya uigaji huo. Lakini mchezaji wa vodevili alijua jambo ambalo mwigizaji wa filamu bubu hakuhitaji kulijua, yaani sauti ya mtu, kabla haijamaliza sentensi, imekwisha kusema anatoka wapi na ni wa tabaka gani.

Mtoto wa jukwaani

Bryan Foy alizaliwa Chicago tarehe 8 ya mwezi wa kumi na mbili, mwaka wa 1896. Baba yake, Eddie Foy, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Edwin Fitzgerald, alikuwa mtoto wa wahamiaji kutoka Ireland na mmoja wa wachekeshaji maarufu wa wakati wake. Mama yake, Madeline Morando, alikuwa mcheza dansi.

Tarehe 30 ya mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 1903, Eddie Foy alikuwa akicheza mchana katika ukumbi wa Iroquois mjini Chicago. Bryan, mwenye umri wa miaka saba, alikuwa pembeni ya jukwaa. Moto ulishika pazia. Baba alimkabidhi mtoto kwa mtu amtoe nje, kisha yeye mwenyewe akarudi mbele ya jukwaa, akawasihi watu watulie na akawaomba wapiga muziki waendelee kupiga. Watu wapatao mia sita walikufa siku ile. Bryan aliokoka, na baba yake vilevile.

Katika miaka ya 1910 Eddie aliwaingiza watoto wake wote saba katika kipande kimoja kilichoitwa Eddie Foy and the Seven Little Foys. Walikuwa wakiimba, wakicheza dansi na kumkejeli baba yao mbele ya watu, naye akijifanya mzee aliyezidiwa na ukoo wake mwenyewe. Bryan alikuwa kifungua mimba. Kwa hiyo shule yake ya kweli ilikuwa jukwaa na treni: tikiti, mizigo, hoteli za bei ndogo, na hesabu ya kila usiku, nani amechekesha na nani hakuchekesha.

Mwaka wa 1918 Bryan aliiacha kazi ya familia akaingia katika jeshi la majini. Baada ya vita hakurudi katika safari za baba yake. Alikwenda kuandika mizaha kwa ajili ya wachekeshaji wa filamu, na jina lake limo katika orodha ya waandishi wa College, filamu ya Buster Keaton ya mwaka wa 1927. Jambo hili halishangazi. Filamu za kuchekesha za wakati ule zilikuwa mfululizo wa vipande vifupi vilivyofungwa kwa uzi mwembamba wa hadithi, na kupanga vipande ndiyo kazi aliyoijua tangu utoto.

Filamu inapata sauti

Kampuni ya Warner Bros. ilikuwa imeweka pesa zake katika mashine iliyoitwa Vitaphone. Sauti ilirekodiwa kwenye sahani kubwa ya santuri, na sahani hiyo ilizungushwa sambamba na mkanda wa picha. Sahani moja ilitosha mkanda mmoja, yaani dakika kumi na moja hivi. Muda huo ulikuwa karibu sawa na kipande kimoja cha vodevili! Ndiyo sababu Warner ilianza kwa kuwarekodi wachezaji wa jukwaani wakifanya vipande vyao mbele ya kamera, na Foy akawa mmoja wa waongozaji wa filamu hizo fupi.

The Jazz Singer ya mwezi wa kumi, mwaka wa 1927, ndiyo inayokumbukwa na watu wengi kama mwanzo wa sinema yenye sauti. Lakini katika filamu hiyo mazungumzo ni machache. Sehemu kubwa bado inasomwa kwa maandishi kwenye skrini, kama filamu bubu. Hatua ya pili, yaani hadithi nzima kubebwa na mazungumzo, ilifanyika katika Lights of New York.

Habari zinazosimuliwa juu ya filamu hiyo zinamwonyesha Foy jinsi alivyokuwa. Aliruhusiwa kutengeneza filamu fupi ya mikanda miwili. Wakubwa wa kampuni walipokuwa safarini, aliirefusha mpaka mikanda sita, dakika 57, bila kuomba ruhusa. Iligharimu dola 23,000, ikaingiza zaidi ya dola milioni moja.

Wakosoaji waliisema vibaya, na ukiitazama leo utaona kwa nini. Mikrofoni hazikuweza kusogezwa, kwa hiyo zilifichwa kati ya vitu vya chumbani, na wachezaji wanajikusanya karibu nazo kama watu wanaoota moto. Kamera ilifungiwa ndani ya kibanda kusudi kelele yake isisikike. Wachezaji wanasema polepole, neno baada ya neno, wakiacha mapengo makubwa kati ya swali na jibu.

Kwetu sisi, mapengo hayo ni somo la pragmatiki. Katika mazungumzo ya kweli watu hupokezana zamu kwa haraka sana; mara nyingi msikilizaji huanza kujibu kabla msemaji hajanyamaza. Katika filamu bubu zamu hizo zilipokezanwa kwa maandishi: mdomo unacheza, maneno yanatokea, mtazamaji anasoma, kisha anajibu mwingine. Wachezaji wa Lights of New York walihama chombo lakini walibaki na mwendo wa chombo cha zamani. Ilihitaji miaka michache mpaka mazungumzo ya sinema yakapata mwendo wa watu wanaosemezana, na wengi walioleta mwendo huo walitoka jukwaani, ambako mchekeshaji anayechelewa nusu sekunde hupoteza kicheko.

Kuna jambo jingine la lugha katika filamu hiyo. Hadithi yake ni ya vinyozi wawili wa mji mdogo wanaodanganywa waende New York, ambako kinyozi chao kinatumiwa kuficha biashara ya pombe iliyokatazwa. Mkubwa wa wahalifu anapotaka mtu auawe, hasemi auawe. Anawaagiza watu wake wamchukue katika matembezi ya gari. Hiyo ni tasfida, na ni tasfida ya mtaani, si ya mahakamani wala ya kanisani. Filamu bubu iliweza kuandika maneno hayo kwenye skrini, lakini haikuweza kumfanya mtazamaji asikie utulivu wa sauti ya mtu anayeyasema. Filamu za majambazi zilizojaa miaka ya 1930 zilipita katika mlango huo.

Eddie Foy hakuiona siku hiyo. Alikufa mwezi wa pili mwaka ule ule wa 1928, huko Kansas City, akiwa bado katika safari ya vodevili. Mwaka wa 1932 ukumbi wa Palace wa New York, uliokuwa ndoto ya kila mchezaji wa vodevili, ukawa nyumba ya sinema.

Kiwanda cha filamu B

Miaka ya 1930 ilikuwa ya ufukara mkubwa Marekani. Ili kuwavuta watu wasio na pesa, nyumba za sinema zilianza kuonyesha filamu mbili kwa tikiti moja. Filamu kubwa, yenye nyota, iliitwa A. Nyingine, fupi na ya gharama ndogo, iliitwa B. Tofauti ya biashara ilikuwa hii: kwa filamu A, studio ilipata sehemu fulani ya mapato ya mlangoni, kwa filamu B ilipata bei iliyopangwa mbele. Maana yake ni kwamba filamu B haikuweza kuleta utajiri hata ikipendwa namna gani, na pia haikuweza kuleta hasara kubwa, mradi tu gharama yake ibaki chini ya bei ile. Kazi ya mtayarishaji ilikuwa kulinda pengo hilo dogo.

Warner ilimkabidhi Foy idara yake ya filamu B katikati ya miaka ya 1930, na Hollywood ikambandika jina la utani, mchungaji wa filamu B. Alitoa makumi ya filamu, nyingi zikiwa na urefu wa saa moja hivi. Alitumia tena nyumba za ubao zilizojengwa kwa filamu kubwa, mavazi yaliyokwisha kuvaliwa, na picha za ajali na umati zilizokatwa kutoka filamu nyingine. Aliwatumia waigizaji waliokuwa tayari wakilipwa mshahara wa juma. Mfululizo wa Torchy Blane, mwandishi wa habari mwanamke anayesema haraka kama bunduki, ulitoka hapo. Vilevile ule wa msichana mpelelezi Nancy Drew.

Mwaka wa 1937 kijana mmoja aliyekuwa mtangazaji wa michezo katika redio alipewa filamu yake ya kwanza katika idara hiyo. Aliitwa Ronald Reagan, aliyekuja kuwa rais wa Marekani. Filamu yake, Love Is on the Air, ilimweka katika nafasi ya mtangazaji wa redio. Foy alikuwa na mtu anayejua kusema mbele ya mikrofoni. Kwa nini apoteze siku kumfundisha kitu kingine?

Hadithi moja, mavazi mengi

Hapa ndipo tunaporudi kwa Propp. Love Is on the Air haikuwa hadithi mpya. Mwaka wa 1934 Warner ilikuwa imetengeneza Hi, Nellie!, juu ya mkubwa wa gazeti anayeshushwa cheo na kupewa kazi ya kujibu barua za wapenzi, kisha akiwa katika nafasi hiyo ya aibu anafichua uhalifu na kurudishiwa heshima yake. Katika filamu ya Reagan gazeti limekuwa redio, na barua za wapenzi zimekuwa kipindi cha watoto. Warner ilirudia hadithi hiyo tena mwaka wa 1942, na tena mwaka wa 1949.

Mfano wa pili ni Tiger Shark ya mwaka wa 1932: mvuvi anayepoteza mkono kwa papa anaoa msichana asiyempenda, na msichana anampenda rafiki yake. Mwaka wa 1936 idara ya Foy ilitoa Bengal Tiger. Bahari imekuwa sarakasi, papa amekuwa chui wa Bara Hindi, mvuvi amekuwa mfundishaji wa wanyama, mkono umekuwa mguu. Tukiandika kwa mtindo wa Propp tunapata mfuatano huu: jeraha, deni la moyo, ndoa isiyo na upendo, mapenzi ya siri, kufichuka, adhabu. Hakuna tendo lililohama mahali pake.

Hollywood husimulia kwamba Foy alikuwa na rundo la miswada mezani: akimaliza filamu aliuweka mswada wake chini kabisa, na ulipopanda tena mpaka juu, ulikuwa umefika wakati wa kuitengeneza upya. Iwe kweli au mzaha, wazo lenyewe ni la vodevili. Mchezaji wa vodevili alihamisha kipande chake kutoka mji hadi mji. Foy alikihamisha kutoka mwaka hadi mwaka. Watazamaji wa bibi yako anayekusimulia sungura na fisi hawamlaumu kwa kurudia. Wanamlaumu akirudia vibaya.

Mbinu ile ile, matokeo tofauti

Je, hadithi iliyorudiwa kwa pesa kidogo inaweza kubeba jambo zito? Kazi ya Foy inajibu ndiyo, na pia inatuonya.

Mwaka wa 1934, kabla ya kushika idara ya filamu B, kampuni yake ndogo ilitoa Tomorrow's Children, iliyoandikwa na kuongozwa na Crane Wilbur. Inaeleza msichana wa familia maskini ambaye sheria inataka afungwe uzazi kwa nguvu. Haikuwa ndoto: mwaka wa 1927 Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imekubali sheria za namna hiyo, na maelfu ya watu walifungwa uzazi katika majimbo mbalimbali. Studio kubwa hazikugusa jambo hilo. Filamu ya pesa kidogo ililigusa, ingawa kwa kelele za biashara, na jimbo la New York likakataa kuipa ruhusa ya kuonyeshwa.

Weka pembeni yake I Was a Communist for the FBI ya mwaka wa 1951, ambayo Foy aliitayarisha aliporudi Warner. Ni filamu ya majambazi ya mtindo wa zamani, kwa muundo uleule: genge la siri, mpelelezi aliyejificha ndani yake, aibu mbele ya jamaa, kufichuka. Ila mahali pa majambazi wamewekwa wakomunisti. Filamu hiyo iliyoigizwa na waigizaji ilipendekezwa kwa tuzo ya Oscar katika kundi la filamu za hali halisi. Hapo tunaona hatari ya umbo linalojulikana mno. Mtazamaji aliyezoea matendo ya hadithi huyapokea kama ukweli, bila kuuliza ni nani amewekwa katika nafasi ya adui, na kwa nini.

Miaka ya mwisho

Foy hakubaki katika filamu B peke yake. Mwaka wa 1943 alitayarisha Guadalcanal Diary, filamu ya vita, kwa kampuni ya 20th Century-Fox. Mwishoni mwa miaka ya 1940 aliongoza utayarishaji katika kampuni ndogo ya Eagle-Lion; huko alitoa Canon City mwaka wa 1948, juu ya wafungwa waliotoroka gerezani Colorado mwishoni mwa mwaka wa 1947, ikapigwa picha katika gereza lenyewe.

Mwaka wa 1953 alitayarisha House of Wax, filamu ya 3-D inayotazamwa kwa miwani. Miaka ishirini na mitano baada ya kusimamia filamu ya kwanza yenye mazungumzo matupu, alikuwa tena mlangoni mwa chombo kipya. Na hadithi yake? Ilikuwa ya zamani: Warner ilikuwa imeitengeneza mwaka wa 1933 kwa jina la Mystery of the Wax Museum. Filamu hiyo ilivuta umati mkubwa. Kila mashine mpya ilipokuja, Foy aliijaribu kwa hadithi iliyokwisha kupimwa, kusudi kitu kisichojulikana kiwe kimoja tu.

Alitayarisha PT 109, juu ya Kennedy katika vita vya baharini, mwaka wa 1963, na alikufa Los Angeles tarehe 20 ya mwezi wa nne mwaka wa 1977.

Tunapata nini?

Vitabu vya historia ya sinema humpa Foy mistari michache, kwa sababu huwatafuta waliobuni kitu ambacho hakikuwapo. Kipimo hicho kinawaacha nje karibu wasimulizi wote wa dunia, pamoja na wetu. Anayekusanya ngano kijijini hapati hadithi mpya kila jioni. Anapata hadithi ile ile kutoka midomo mitano. Kazi yake ni kuandika kwa uaminifu kila mmoja amebadili nini: mnyama gani ametolewa, neno gani limelainishwa, nani amepewa nafasi ya mwovu.

Tukiwapima watu kama Foy kwa namna hiyo, tunaweza kuwasifu bila kuwatetea. Gazeti kuwa redio ni badiliko la fundi anayejua watazamaji wake. Jambazi kuwa mkomunisti ni badiliko linalomgusa mtu aliye hai, na msimulizi anadaiwa jibu. Mabadiliko yote mawili yamefanywa kwa mkono mmoja na kwa gharama ndogo. Uchambuzi unaoishia kwenye orodha ya matendo hauwezi kuyatofautisha; lazima tuendelee mbele hatua moja, tuulize nani ameingizwa mahali pa nani.